Bi Mwanamwema Alivyoalika Watu Mpirani

Watu wa Stratford walimjua Bi Mwanamwema kwa mambo mawili: mwendo wake wa polepole, kwa sababu ya goti la kushoto, na sauti yake. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayepiga hodi akijua atafunguliwa.

Sauti ile aliirithi kwa shangazi yake, Bi Zuwena wa Kikwajuni, Unguja, ambaye kazi yake ilikuwa ualishi. Kwa asiyejua, basi nimweleze. Zamani mtu akiozesha hakupeleka kadi. Alimtuma mwalishi, naye akapita nyumba kwa nyumba, akasimama mlangoni, akatoa salamu za aliyemtuma, akaitaja harusi, akaitaja siku, akaenda mlango wa pili. Kusikia tu kwamba kuna harusi hakukutosha, uitwe kwanza. Miaka ile baada ya Mapinduzi, mchele ukiwa wa foleni na wengi wamekwishauhama mji, Bi Zuwena aliendelea kupita. Milango mingine aliikuta na kufuli. Aliisalimia hivyo hivyo, kisha akapita. Mwanamwema alikuwa mtoto, kashika pindo la buibui la shangazi yake, na kazi ikamwingia bila mtu kumfundisha.

Alipokuwa mkubwa akaalika mwenyewe. Halafu akaolewa, na mwaka 1984 akamfuata mumewe London. Mume alikuwa mtu wa reli, hapo hapo Stratford. Yeye akapata kazi jikoni katika shule moja, akawapakulia watoto wa Kiingereza viazi na njegere mpaka akastaafu. Mwanzoni Wazanzibari wa huku walimtuma mara mojamoja. Kisha zikaja kadi, kisha simu, kisha makundi ya WhatsApp, mtu akaweza kuualika ukoo mzima kwa kidole gumba, na yeye mwenyewe kajilaza kitandani. Hakuna aliyemwambia Bi Mwanamwema kazi imekwisha. Hakutumwa tena, basi.

Mumewe alipofariki alimwachia binti mmoja, Ummukulthum, aliyekuja wakati wote wawili wameshakata tamaa ya mtoto. Ummu alimpita baba yake kwa urefu kabla hajamaliza shule, na tangu shule mapenzi yake yalikuwa mpira wa kikapu. Kiswahili alikielewa chote, hata kile cha kusengenyana, ila akijibu kwa Kiingereza. Mama akiuliza kwa lugha yake, mwana anajibu kwa yake. Nyumba ikaenda hivyo miaka yote, bila ugomvi.

Basi ilikuwa vuli ya mwaka 2018, ligi ya wanawake ya kulipwa ikaongeza timu mpya, nayo ikawekwa Stratford. Iliitwa Herons. Timu mpya huanza na wale walioachwa na wenzao: mmoja kaambiwa mzito, mwengine kaambiwa mzee, na Ummu alikuwa kaambiwa asubiri mwaka ujao, miaka miwili mfululizo. Wakakusanywa katika ukumbi ambao mchana unachezewa badminton, sakafu ina mistari ya kila rangi, wakaambiwa: nyinyi fuateni mistari myeupe. Jezi za kwanza zilikuja fupi, kama zimeshonwa kwa watoto. Kabla ya mazoezi wachezaji walifagia wenyewe. Na meneja wao, Lydia, Mkenya wa Nakuru, ndiye aliyekata tiketi, akajaza mipira upepo, akafunga bendeji za vifundo.

Mechi ya kwanza ya nyumbani Bi Mwanamwema alikwenda. Hakuwa amewahi kumwona Ummu akicheza. Siku zote aliona ni mchezo wa watoto, wataacha. Lakini mara hii mwanawe alimwambia kwa Kiingereza chake, "Hii ni kazi yangu sasa, Mama. Njoo uione kazi yangu."

Akakaa safu ya mbele. Taa zikafifishwa, muziki ukapigwa, na mtangazaji akaanza kuwaita wachezaji kwa majina, mmoja mmoja, kila aitwaye anatoka mbio mlangoni na kusimama chini ya mwanga. Ukumbi ulikuwa mtupu. Kulikuwa na wazazi wawili watatu, mtu mmoja aliyekuja na mbwa, na watu wa badminton waliokuwa hawajaondoka. Likaitwa jina la Ummukulthum. Akatoka, mrefu, kilemba cheusi kimembana kichwa, mikono mirefu ya fulana imemfika viganjani, akainua uso kuyatazama mabenchi. Akayaona. Akauinamisha uso.

Hilo ndilo lililomwingia mama yake. Matokeo ya mechi hakuyajua, wala hakuuliza. Alichokiona yeye ni mwanamwari aliyepambwa na kutolewa nje mbele ya ukumbi usio na watu, na kwa watu wa kwao hakuna aibu inayoishinda hiyo.

Ndani ya basi, wakirudi, alimwuliza, "Mwanangu, nani aliwaalika watu?"

Ummu akacheka. "Hakuna anayealika. Kuna tangazo kwenye mtandao."

"Tangazo si mwaliko."

"Mum." Akaegemeza kichwa kwenye kioo. Baada ya kituo kimoja akasema polepole, bado kwa Kiingereza, "Najua mabenchi hayachezi. Lakini ukitoka pale, ukakuta hakuna mtu… unajisikia kama umekosea mlango."

Asubuhi yake Bi Mwanamwema alivaa buibui, akachukua fimbo ya goti, akaenda kumtafuta Lydia ukumbini. Alimkuta amepiga magoti, akibandika plasta sakafuni palipobanduka.

"Bibi, nimekuja unitume."

Lydia akainua kichwa. "Nikutume wapi, mama?"

"Popote. Wewe nitume tu. Mimi nitawaalika watu mechi ya Jumamosi ya wiki ijayo. Lakini mwalishi hajitumi. Mtu akijialikia mwenyewe watu humwona ana njaa ya watu. Lazima niwe na aliyenituma."

Lydia alikaa chini kabisa, plasta mkononi. Alikuwa amewaandikia barua pepe shule zote na makanisa yote ya jirani, na jibu alilopata ni moja, la mtu aliyetaka kukodi ukumbi. "Haya, mama. Mimi Lydia nakutuma. Ni hivyo tu?"

"Ndivyo. Na mlango wa jikoni ya ukumbi huu uwe wazi siku hiyo."

"Jikoni ya nini?"

"Ya pilau."

"Umewaambia kutakuwa na chakula?"

"Sijawaambia kitu, bado sijenda. Na nikenda sitawaambia. Haisemwi."

"Kwa hivyo hawatatarajia?"

"Watatarajia. Ndiyo maana haisemwi."

Lydia akamtazama, kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama Ummu, fanya vile unajua. Mimi hii timu imenishinda, hebu na wewe ujaribu."

Akaanza. Kwa kadi yake ya wazee ya kusafiria bure alipanda basi namba 25, akapanda 104, akashuka, akapanda tena: Forest Gate, Manor Park, East Ham. Ngazi za maghorofa zilimwuma goti, akizipanda kwa kutanguliza mguu mzima, akipumzika kila pembe. Mlango ukifunguliwa hakuingia. Alisimama pale pale kizingitini, akajiweka sawa, na ile sauti ikatoka:

"Asalaam alaykum. Bibi Lydia wa Stratford anakusalimuni sana. Anasema Jumamosi ijayo ana shughuli, anamtoa mwanangu Ummukulthum na wenziwe, wachezaji wa mpira, ukumbini kwao Stratford, saa kumi na moja za jioni. Anakuombeni mje mumshike mkono."

Kuna waliodhani ameanza kuchanganyikiwa. Mwanamke mmoja wa Barking, mzaliwa wa Pemba, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kulia hapo hapo mlangoni na mwiko mkononi. "Wallahi tangu nije nchi hii hajanijia mtu mlangoni isipokuwa wa umeme na wa mita ya maji," alisema. "Nitakuja. Hata kama ni mpira, hata kama ni ndondi."

Siku ya mwisho alipanda treni ya Jubilee, inayoanzia Stratford na kuishia Stanmore. Stanmore ndiko alikokaa Kalpana, aliyesoma naye darasa moja Unguja, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa Darajani. Mume wa Kalpana alikuwa daktari wa meno, nyumba ina bustani mbele na nyuma. Lakini Bi Mwanamwema alisimama kizingitini vile vile, akasema maneno yake yote, hakupunguza.

Kalpana akamwacha amalize. "Ushamaliza? Sasa ingia, shoga yangu, miguu yako imevimba kama mihogo." Akamkalisha, akamletea chai ya maziwa. "Mwema, hebu nambie. Saa kumi na moja ya kweli au ya harusi?"

"Ya kweli. Si ni mpira?"

"Umewaambia watu?"

"Niwaambie nini? Nimwambie mgeni awahi? Si kumtukana huko?"

Kalpana akanywa chai yake.

Nyumbani Ummu alikuwa ameshapata habari. Aliingia jikoni, akaona sufuria mbili kubwa za kuazima, gunia la mchele na mama yake akimenya vitunguu saumu, akashika kichwa. Yakamtoka yote kwa Kiingereza: kwamba ile si harusi, ni mechi, kwamba wenzake watamcheka, kwamba wanawake wale hawajui hata mpira wa kikapu una watu wangapi.

"Hawaji kuhesabu watu," alisema mama yake. "Wanakuja kukuona wewe."

Ummu akavuta kiti, akachukua kisu, akaanza kumenya naye. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, bado kwa Kiingereza, "Hawatakuja."

"Menya, mwanangu. Menya vizuri, kisu kisile nyama ya kitunguu."

Jumamosi ile pilau iliingia jikoni ya ukumbi kabla ya saa kumi, masufuria yamefungwa mashuka yasipoe. Saa kumi na moja kasorobo Kalpana akaja kutoka Stanmore, kavaa sari ya zambarau, akakaa safu ya mbele kando ya rafiki yake. Saa kumi na moja kamili taa zikafifishwa. Majina yakaitwa. Ummukulthum akatoka, akainua uso.

Aliwaona mama yake na Kalpana, na yule mtu wa mbwa.

"Wako njiani," alisema Bi Mwanamwema.

"Najua," Kalpana akajibu. "Sasa hivi mmoja anapiga pasi, mwengine anatafuta pini."

"Nimekosea, Kalpana."

"Umealika kama ulivyofunzwa. Watakuja kama walivyofunzwa."

Mpira ulianza vibaya. Ummu alicheza kama mtu mwenye ugomvi. Kila timu ngeni ikija na mpira anaivamia, anapiga mikono, filimbi inalia. Kocha akampigia kelele atulie. Bi Mwanamwema hakujua sheria za mchezo ule, lakini mwanawe alimjua: hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mdogo akizuia machozi. Kila filimbi ilipolia, mama aligeuka kuutazama mlango. Mlangoni alikuwa amesimama Anselm, mzee wa Kikaribi anayeutunza ukumbi, peke yake na funguo zake.

Robo ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Katika robo ya tatu filimbi ikalia tena, mwamuzi akanyoosha vidole vitano, na Ummu akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Kuna nini?" aliuliza Bi Mwanamwema.

Lydia alikuwa amepita mbele yao na chupa za maji. Akainama. "Faulo tano, mama. Ametoka."

"Atarudi saa ngapi?"

"Harudi. Ukifika tano umemaliza, basi."

Ummu akaenda kukaa benchi, akajifunika taulo kichwani. Na ndipo mlango ukafunguliwa.

Walianza watatu, wakafuata kumi, kisha haikuwezekana tena kujua ni wangapi. Waliingia na udi, na asmini za kununua mjini, na magauni ya kumeremeta chini ya makoti ya baridi, na watoto waliovishwa viatu vipya, na waume wachache wakibeba watoto. Yule wa Barking alikuja na dada zake wote. Waliteremka ngazi wakisalimiana kwa sauti, "Ah, na wewe umeitwa?" "Nimeitwa, mwalishi kaja mpaka mlangoni!", wakajipanga mabenchini kwa kusukumana makalio mpaka mtu wa mbwa akampakata mbwa wake. Timu ngeni ikatia mpira kikapuni. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Mchezaji aliyefunga akashtuka, akageuka kutazama, akatabasamu hadi masikioni.

"Huyo siye wetu," Kalpana aliwaambia wa nyuma yake.

"Na yeye si mtoto wa watu?" wakamjibu, wakaendelea.

Bi Mwanamwema hakuweza kugeuka kuwatazama. Watu amewaleta, tena wamejaa, na aliyewaletea kakaa na taulo kichwani. Dakika zilizobaki zikaisha. Honi ikalia, Herons wamefungwa, na vibaya. Timu ngeni ikapeana mikono na wenyeji na kuondoka kuwahi basi lake. Anselm akaanza kuzunguka na funguo.

Lakini wageni hawakuinuka. Walikaa mikono mapajani, wakitazama mbele.

Bi Mwanamwema akajitia nguvu, akasimama na fimbo yake, akawageukia. "Jamaa zangu, nisameheni. Mmechelewa, na kosa ni langu. Mchezo umekwisha. Mwanangu alicheza mwanzo, hamkumwona. Kuna pilau, tafadhalini mle kabla hamjaenda."

Wakatazamana. Yule wa Barking akasema, "Umekwisha vipi, na mwari hajatolewa?"

"Alitolewa mwanzo."

"Mwanzo!" Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekalia mto aliokuja nao, akamcheka waziwazi. "Bi Mwanamwema, London imekuharibu. Tangu lini mwari akatolewa mwanzo, watu hawajafika? Mwari hutolewa mwisho, watu wameshakaa. Sisi tumeshakaa. Tunangoja."

Wakacheka, wakarudia, tunangoja, tunangoja, na watoto wakaanza kupiga miguu kwenye mbao.

Ummu alikuwa ameyasikia yote, kwa sababu Kiswahili alikisikia chote. Taulo likateremka mabegani. Akasimama. Akaenda kwa kocha wake, wakanong'ona, kocha akamtazama Lydia, Lydia akamtazama Anselm.

"Ukumbi unafungwa saa moja na nusu," alisema Anselm. Akayatazama yale mabenchi, ambayo tangu afanye kazi pale hakuwahi kuyaona yamejaa. Akatia funguo mfukoni na kutafuta pa kukaa.

Hapo Ummukulthum akaja mbele ya mabenchi, jasho halijamkauka. Akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

"Shikamooni," alisema.

"Marahabaaa!"

"Msiondoke. Tafadhalini. Sisi tume… tumefungwa. Lakini nyinyi mmekuja. Tutacheza sasa. Kwa ajili yenu." Akamtazama mama yake. "Mama aliwaita kwa mguu. Mguu wake unauma. Ahsanteni sana kwa kuja."

Kilikuwa Kiswahili cha kubabaisha, kila neno linatoka peke yake na kusimama. Bi Mwanamwema hakuwa amemsikia mwanawe akisema maneno mengi hivyo mfululizo tangu akiwa mdogo wa kuogeshwa. Akafunika mdomo kwa upembe wa mtandio.

Wachezaji wakarudi mlangoni. Lydia mwenyewe akashika kipaza sauti, taa zikafifia mara ya pili siku ile, na wasichana wale walioachwa na timu zao wakaitwa tena kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja akapokewa kwa vigelegele kama binti wa nyumba ile. Ummukulthum akaitwa wa mwisho. Kelele zilizopigwa zilimfanya mbwa abweke. Wakagawana timu mbili, wakaanza kucheza wao kwa wao, bila filimbi, bila hesabu ya mabao. Mmoja alikuwa analia huku akidunda mpira.

Bi Mwanamwema alikuwa ameshapiga hatua kuelekea jikoni. Kalpana akamwahi mlangoni, akamnyang'anya upawa.

"Unakwenda wapi?"

"Kupakua. Watu wana njaa."

"Mama wa mwari hapakui, umesahau? Nitapakua mimi. Nenda ukakae."

"Na sari yako hiyo?"

"Sari itafuliwa. Nenda, Mwema."

Akarudi. Wale wa safu ya mbele wakasogeleana, wakamwachia nafasi katikati yao, mmoja akamshikia fimbo, mwengine akamweka mto chini ya goti. Uwanjani Ummukulthum aliupokea mpira, akaruka, mikono yake mirefu ikapanda juu. Mpira ukazunguka ukingo wa chuma, ukatoka nje. Wakampigia vigelegele vile vile. Akacheka, akaukimbilia tena, na mama yake akajiegemeza nyuma, kwenye magoti ya watu, akamtazama.